Somo la Ufugaji: Kuweka na Kutumia Themostati Isiyo na Waya Katika Chumba cha Vifaranga

Miezi ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, ni kipindi kigumu kwa wafugaji wa kuku katika nyanda za juu. Vifaranga walioachwa jioni wakiwa wazima hupatikana alfajiri wamelundikana kwenye kona, na walio chini ya lundo wamekufa kwa kukosa hewa. Mara nyingi hakuna ugonjwa wowote. Joto lilishuka saa tisa usiku, makaa yakiwa yamegeuka majivu na mwenye kuku akiwa usingizini.

Wakazi wengi waliounganishiwa stima sasa wanatumia balbu za joto badala ya jiko. Hata hivyo, balbu pekee haimalizi tatizo. Ikiwashwa usiku kucha na mchana kutwa huunguza vifaranga jua linapotoka na kupandisha gharama ya stima. Ikizimwa kwa mkono, siku moja mtu husahau kuiwasha. Somo hili linaeleza kifaa kinachofanya kazi hiyo bila kusahau: themostati ya kuprogramu isiyotumia waya.

THEMOSTATI NI NINI?

Themostati ni kifaa kinachopima joto kisha kuwasha au kuzima chanzo cha joto chenyewe. Wakazi wengi tayari wanaitumia bila kuijua: ndiyo inayozima pasi ya stima inapopata moto wa kutosha, na ndiyo inayowasha na kuzima mota ya friji.

Zile zinazouzwa kwa ajili ya nyumba ziliundwa kwa nchi za baridi kali, ambako nyumba nzima hupashwa joto. Lakini wazo lenyewe si geni kwa kuku. Mwanzoni mwa karne ya 17, Mholanzi Cornelis Drebbel, akiwa Uingereza, alitengeneza tanuri lililojirekebisha joto lenyewe, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuangua mayai ya kuku.

Themostati isiyo na waya ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kihisi, kijisanduku kidogo chenye betri ambacho hukaa karibu na vifaranga na kupima joto. Ya pili ni kipokezi, ambacho huchomekwa kwenye soketi ya ukutani na kupitisha stima kwenda kwenye balbu. Sehemu hizi huwasiliana kwa mawimbi ya redio, kwa hiyo hakuna waya wa kupitisha juu ya maranda ambako vifaranga huparua na panya hutafuna.

Nyingine huunganishwa na simu kupitia Wi-Fi. Anayenunua ya aina hiyo aulize kwanza, kwa kuwa nyingi hushika masafa ya 2.4 GHz pekee na hazitashika yale ya 5 GHz. Pia ajue kwamba mtandao ukipotea, themostati nzuri huendelea kufuata programu iliyowekwa. Ujumbe wa simu tu ndio hukatika.

KABLA YA KUNUNUA

Angalia mambo manne:

1. Uwezo wa kubeba mzigo. Kipokezi kilichoandikwa ampea 10 hubeba hadi wati 2,400 kwa stima yetu ya volti 240. Balbu mbili za wati 250 ni wati 500 tu, kwa hiyo kinatosha. Epuka kifaa kisichoandikwa kiwango chochote.

2. Kiwango cha joto. Baadhi ya themostati za nyumbani hukomea nyuzi 30 au 35. Kwa vifaranga wa siku moja chagua inayofika angalau nyuzi 40.

3. Alama ya ubora ya KEBS na plagi ya pini tatu za mraba.

4. Kengele ya tahadhari inayolia joto likishuka au kupanda kupita kiasi. Si lazima, lakini inafaa gharama yake.

KUWEKA KIFAA, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Stima iwe salama. Ikiwa chumba cha kuku hakina soketi yake, usivute kebo ya ekstensheni kutoka jikoni kupitia dirishani. Tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) aweke soketi yenye ethi. Isimamishwe juu, mbali na maji na maranda.

Hatua ya 2: Ning'iniza balbu. Tumia balbu mbili badala ya moja, ili moja ikiungua nyingine ibaki ikifanya kazi. Zifunge kwa mnyororo au waya wa chuma. Usiziache zining'inie kwa kebo ya stima. Urefu wa kuanzia ni sentimita 45 hadi 60 kutoka kwenye maranda. Holda iwe ya kauri, kwa sababu ya plastiki huyeyuka. Balbu moja iliyoanguka juu ya maranda makavu inatosha kuteketeza banda, na pengine nyumba iliyo karibu.

Hatua ya 3: Chomeka kipokezi ukutani, kisha chomeka balbu kwenye kipokezi. Kwa wati 500, fyuzi ya ampea 3 ndani ya plagi inatosha.

Hatua ya 4: Tia betri mpya kwenye kihisi, kisha kitambulishe kwa kipokezi. Kwa kawaida mtu hubonyeza kitufe cha kipokezi kwa sekunde chache hadi taa ipepese, halafu hubonyeza kitufe cha kihisi. Fuata karatasi ya maelezo iliyokuja na kifaa.

Hatua ya 5: Weka kihisi mahali pake. Hapa ndipo wengi hukosea. Kihisi kikiwa chini ya balbu moja kwa moja, huota joto la balbu na kuizima mapema huku vifaranga wakitetemeka. Kikitundikwa ukutani kwa urefu wa mtu, hupima hewa ambayo vifaranga hawaigusi. Mahali panapofaa ni ukingoni mwa duara la joto, kwa kimo cha mgongo wa kifaranga, yaani kama sentimita 5 juu ya maranda. Kizungushie waya wenye matundu ili kisidonolewe, na kiwe mbali na chombo cha maji.

Hatua ya 6: Jaribu mawasiliano. Mabati huzuia mawimbi ya redio. Kihisi kikiwa mahali pake, pandisha joto unalotaka hadi nyuzi 40. Balbu zinapaswa kuwaka. Lishushe hadi nyuzi 10, zinapaswa kuzimika. Zisipotii, sogeza kipokezi kwenye soketi iliyo karibu zaidi au ukiweke upande ambao hautenganishwi na ukuta wa mabati.

Hatua ya 7: Ondoa betri za kihisi kisha usubiri uone balbu zinafanya nini. Baadhi ya vipokezi huzima kila kitu vikikosa ishara, vingine hubaki katika hali ya mwisho. Ni afadhali kulijua hilo mchana kabla vifaranga hawajafika.

KUHAKIKISHA KIPIMO NI SAHIHI

Ikiwa kihisi kina ncha ya waya isiyoingiza maji, jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga na utumbukize ncha hiyo kwa dakika tano. Inapaswa kusoma nyuzi 0, au karibu sana na hapo. Ikisoma 2, ujue inazidisha kwa nyuzi mbili. Themostati nyingi zina sehemu ya kurekebisha tofauti hiyo.

Usitumie maji yanayochemka kama kipimo cha nyuzi 100. Maji huchemka kwa joto la chini kadiri mtu anavyopanda juu. Nairobi huchemka karibu nyuzi 94, na kwenye nyanda za juu zaidi huchemka chini ya hapo.

Kwa kihisi kisicho na ncha ya waya, kiweke pamoja na kipimajoto cha kawaida kwa nusu saa, ulinganishe. Hicho kipimajoto kibaki chumbani siku zote. Kifaa chochote cha stima kinaweza kukwama, na macho mawili ni bora kuliko moja.

KUPANGA PROGRAMU

Kifaranga wa siku moja hawezi kujipasha joto mwenyewe. Manyoya yake ni malaika tu, na huhitaji takriban wiki mbili kabla mwili wake kuanza kujimudu. Kwa hiyo joto huanza juu na kushuka kwa hatua:

Wiki ya 1: nyuzi 34
Wiki ya 2: nyuzi 31
Wiki ya 3: nyuzi 28
Wiki ya 4: nyuzi 25
Wiki ya 5: nyuzi 22

Baada ya hapo vifaranga wenye manyoya kamili huweza kuachishwa joto, isipokuwa usiku ukiwa wa baridi kali.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, themostati nyingi za nyumbani huja zikiwa na programu ya kupunguza joto usiku, kwa kuwa watu huwa wamejifunika blanketi. Futa programu hiyo. Kifaranga hana blanketi, na usiku ndipo anapohitaji joto zaidi. Weka kiwango kimoja kwa saa zote 24, ukibadilishe mara moja kwa wiki.

Pili, weka nafasi ya nyuzi mbili kati ya kuwaka na kuzimika. Kwa wiki ya kwanza, balbu ziwake joto likifika 33 na zizimike likifika 35. Nafasi ikiwa ndogo mno, balbu zitawaka na kuzimika kila dakika na kuungua mapema.

Kumbuka pia kwamba balbu zikizimika usiku, chumba huingia giza ghafla, na giza la ghafla huwatia vifaranga hofu wakalundikana. Weka taa ndogo ya LED kwenye soketi tofauti, isiyopitia kwenye themostati.

VIFARANGA NDIO WENYE NENO LA MWISHO

Hakuna kifaa kinachomshinda mfugaji anayeangalia. Pasha chumba joto kwa saa 24 kabla ya vifaranga kufika, kisha wasome wanavyokaa:

Wakirundikana chini ya balbu na kulia kwa sauti kali, wanahisi baridi. Pandisha joto kwa nyuzi moja au mbili.

Wakikimbilia ukutani, mabawa wazi na midomo ikihema, wanaungua. Shusha joto au pandisha balbu juu.

Wakijibana upande mmoja tu, kuna upepo unaopenya upande wa pili. Tafuta tundu uzibe, lakini usizibe madirisha ya juu ya hewa.

Wakitawanyika kila mahali, wengine wakila, wengine wakinywa na wengine wamelala, joto ni sawa.

Ikiwa kioo cha themostati kinasema 34 na vifaranga wanalia, waamini vifaranga.

STIMA IKIPOTEA

Programu ipo au haipo, stima ikikatika balbu huzimika. Mfugaji awe tayari mapema. Jaza maji moto kwenye chupa za plastiki nzito, uzifunge kwa gunia na uzipange kati ya vifaranga. Zitawashikilia kwa saa kadhaa. Punguza ukubwa wa duara ili wakae pamoja bila kubanana. Stima ikirudi, angalia kama saa na siku kwenye themostati bado ni sahihi.

Anayelazimika kutumia jiko la makaa aache madirisha ya juu wazi, na mtu yeyote asilale katika chumba hicho. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Moshi kuisha si dalili kwamba gesi imeisha. Gesi hiyo huua vifaranga, na huua watu.

JE, GHARAMA INASTAHILI?

Balbu mbili za wati 250 zikiwaka kwa saa 24 hutumia yuniti 12 kwa siku. Tuseme themostati inaziwasha kwa jumla ya saa 14. Matumizi yanakuwa yuniti 7. Hiyo ni akiba ya yuniti 5 kwa siku, au yuniti 140 kwa wiki nne. Kwa anayelipa, kwa mfano, shilingi 28 kwa yuniti, ni shilingi 3,920. Kila mfugaji anaweza kujifanyia hesabu yake kwa kusoma mita asubuhi na jioni.

Ongeza juu yake vifaranga waliookolewa, na usingizi wa mwenye kuku.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kihisi hakiwekwi moja kwa moja chini ya balbu?
2. Kwa nini programu ya kupunguza joto usiku hufutwa?
3. Ni joto gani linalofaa wiki ya tatu?
4. Vifaranga wote wamejibana upande mmoja. Utaangalia nini kwanza?

Wakazi wanaohitaji mwongozo zaidi kuhusu kulea vifaranga, pamoja na ratiba ya chanjo, wanashauriwa kumwona afisa wa mifugo katika ofisi ya kilimo ya wadi yao kabla ya kuagiza vifaranga.