Kumfundisha mtoto choo bila kiboko

Mara kwa mara, huku Kaole na Bagamoyo, sisi matabibu huletewa mtoto wa miaka mitatu, tumbo limejaa, siku ya tano hajapata choo. Mama anaomba dawa ya tumbo. Ukimdadisi kwa upole utasikia kuwa mtoto alichapwa kwa kujichafua, na tangu hapo anajizuia. Choo kinakauka, kikitoka kinamchubua, naye kwa kuogopa maumivu anazidi kujizuia. Baadaye choo laini hupenya pembeni mwa kile kigumu na kuchafua nguo. Mama hudhani ni ukaidi, akamchapa tena!

Bibi zetu walianza mapema kuliko sisi, tena kwa upole. Mwaka 1977 watafiti Marten deVries na Rachel deVries waliandika katika jarida la Pediatrics la Marekani juu ya Wadigo wa pwani ya Kenya. Mama wa Kidigo alianza mtoto akiwa na wiki chache tu. Aliketi chini amenyoosha miguu, akamweka mtoto katikati, akamtolea sauti ya "shuu", na mtoto akikojoa alinyonyeshwa na kubembelezwa. Kufika miezi mitano au sita mtoto alikuwa mkavu kwa kiasi kikubwa, mchana na usiku. Lakini mama yule alishinda na mwanawe, akizijua dalili zake zote.

Wewe unayekwenda sokoni alfajiri usijilaumu. Subiri mtoto aweze kukaa mkavu kama saa mbili, aelewe maneno mepesi, na aonyeshe dalili za haja, kama kujificha au kuchuchumaa. Kwa wengi huwa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Mkalishe kwenye poti baada ya kula, maana chakula kikiingia tumboni utumbo mkubwa huamka. Dakika chache zatosha, miguu ikikanyaga chini. Tundu la choo cha shimo linamtisha, na ana haki. Usimtishe zaidi kwa habari za zimwi. Ukavu wa usiku huchelewa. Wapo wa miaka mitano wanaokojoa kitandani bila ugonjwa wowote.

Bedui alipokojoa ndani ya msikiti wa Madina, Mtume (s.a.w.) aliwazuia maswahaba wasimkatize, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale. Yule alikuwa mtu mzima, sembuse mtoto?

Upole huo usitufanye tudharau najisi. Katika madhehebu ya Shafii, mkojo wa mtoto wa kiume asiyefikisha miaka miwili na anayetegemea maziwa tu hunyunyiziwa maji. Wa kike, na wa aliyeanza chakula, huoshwa. Kinyesi huoshwa daima. Basi yaliyomo kwenye poti yamwagwe chooni, si nyuma ya ua wala ufukweni. Kinyesi cha mtoto hubeba maradhi kama cha mkubwa. Kwenye mchanga wetu wenye unyevu viluwiluwi vya safura hustawi, na huingia kwa nyayo za watoto hao hao wanaocheza peku. Ukishamtawaza, nawa kwa sabuni, naye umnawishe.

Mpeleke zahanati akiwa na choo chenye damu, akilia anapokojoa, au akianza ghafla kujikojolea baada ya kuzoea. Mkojo mwekundu huenda ni kichocho, usingoje.