Msimamizi wa Mchezo wa Hadithi

Katika mchezo wa hadithi wachezaji wachache huketi mezani, kila mmoja akiwa mhusika wake. Msimamizi hueleza mahali na hatari zilizopo. Wao husema watakalotenda. Na jambo lenye mashaka huamuliwa kwa dadu. Mchezo ulioueneza mtindo huu, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani, ukachapishwa mwaka 1974.

Mimi ni msimamizi bwenini kwetu kila Jumamosi, na kanuni ninayoishika ni hii: hadithi nzima isitegemee mtupo mmoja wa dadu. Tuseme mwizi amejificha pangoni, na nyayo zake ndizo dalili pekee. Kwa dadu ya nyuso 20, mchezaji atakiwa kupata 11 au zaidi. Nafasi yake ni nusu. Akikosa, hadithi imekwama, na msimamizi hushawishika kuificha dadu na kusema uongo. Wenzake wakigundua, hawatamwamini tena.

Dawa yake ni hesabu. Weka dalili tatu: nyayo, mchungaji aliyemwona, na kitambaa kilichonasa miibani. Kuzikosa zote ni nusu ya nusu ya nusu, yaani mara 1 katika 8. Hata zikikosekana, mwizi na aibe tena, aache dalili mpya.

Hivyo dadu hubaki ya kweli, na hata mgeni wa kidato cha kwanza huona kwamba uamuzi wake una uzito. Msimamizi si mshindani wa wachezaji, bali ni mwamuzi wao.