Safari ya Siku Moja kwa Pikipiki: Saa ya Kugeuza Ipangwe Kabla ya Kuondoka

Kila kiangazi, kati ya Juni na Septemba, wakazi wengi wa Bujumbura na wa vijiji vya mpakani hukusanyika kwa makundi, kila mmoja na pikipiki yake, wakatoka alfajiri kuitazama nchi na kurudi jioni. Ni starehe halali, nasi hatuna sababu ya kuizuia. Lakini barabara zinazovutia kwa kona na miteremko yake ndizo zinazodai uangalifu mkubwa zaidi. Katika somo hili tunaeleza jinsi kundi linavyoweza kupanga safari ya namna hiyo, na mfano wetu ni njia ya kusini, kutoka Bandari ya Bujumbura hadi Nyanza-Lac. Tunasisitiza jambo moja kuliko yote: saa ya kugeuza iamuliwe kabla ya injini kuwashwa, wala isisogezwe mbele mkiwa njiani.

Hesabu ya mchana

Kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa 12, mwaka mzima. Giza likiingia, barabara hubaki na watembea kwa miguu, baiskeli zisizo na taa, mifugo, na pengine lori lililoharibika katikati ya kona. Kwa hiyo safari nzima sharti itoshee ndani ya mwanga wa siku.

Kutoka bandarini hadi Rumonge ni kama kilomita 75, na hadi Nyanza-Lac ni karibu kilomita 125. Kwenda na kurudi ni kilomita 250. Katika barabara yenye kona, masoko na watu, kundi lisikadirie zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Hiyo ni saa 6 na robo za kuendesha. Ongezeni mapumziko sita ya robo saa, yaani saa moja na nusu, kisha saa moja ya chakula. Jumla ni saa 8 na dakika 45, na bado hapajatobolewa gurudumu hata moja.

Mkiondoka saa 12 na nusu asubuhi, mtafika Nyanza-Lac karibu saa 4 na nusu, na mtamaliza kula karibu saa 5 na nusu. Kuanzia hapo hadi saa 7 mchana ni akiba ya matatizo. Saa 7 ndiyo saa ya kugeuza. Ikiwakuta Rumonge kwa sababu mnyororo wa mwenzenu ulikatika, geuzeni hapo hapo Rumonge. Mkiishika kanuni hii, mtakuwa mjini kabla ya saa 11 jioni, mkiwa na saa nzima ya mwanga mkononi. Mara nyingi kundi huponzwa na neno dogo la mmoja wao: "Tufike tu pale mbele, si mbali." Kiongozi aliyekwisha kuitangaza saa tangu asubuhi hana haja ya kubishana naye.

Siku nayo ichaguliwe vizuri. Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za pamoja, na magari hayapiti kwa uhuru. Jumapili barabara hujaa waumini wanaokwenda ibadani kwa miguu, basi mwendo upunguzwe karibu na makanisa. Wakati wa masika, kabla ya kuondoka, ulizeni kama udongo umeporomoka au maji yamekata njia.

Bandarini na kituo cha kwanza

Eneo la bandari ni njia ya malori mazito. Msikusanyike mbele ya lango, wala msipange pikipiki pembezoni mwa barabara yanapogeukia. Chagueni uwanja ulio wazi. Tangu Machi 2022 pikipiki za abiria, baiskeli na bajaji ziliondolewa katikati ya jiji. Kwa hiyo kila mshiriki aulize mapema njia inayomruhusu kufika mahali pa kukutania.

Kabla ya kuondoka, kagueni magurudumu, breki, taa, mnyororo na mafuta ya injini. Kila mmoja awe na leseni, kadi ya pikipiki, bima na kitambulisho. Kofia ngumu ifungwe kidevuni, na abiria wa nyuma awe nayo pia. Kuhusu petroli, ambayo mara kwa mara imekuwa adimu nchini, hesabu ifanywe kwa pikipiki yenye tangi dogo kuliko zote. Pikipiki ndogo hutumia takriban lita 3 kwa kilomita 100, hivyo safari hii huhitaji kama lita 8. Asiye nazo asiondoke kwa matumaini ya kuzipata mbele, wala asibebe petroli katika chupa za plastiki.

Kituo cha kwanza kinachofaa ni Mugere, kama kilomita 12 kusini mwa jiji, penye jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliopita hapo Novemba 1871. Ni mahali pazuri pa kulitazama ziwa, na hapo ndipo kasoro za mwanzo huonekana: mzigo uliolegea, breki inayoshika, mwenzetu asiyelala vya kutosha. Mwenye kasoro bado yuko karibu na nyumbani, na anaweza kurudi bila aibu.

Mpangilio wa kundi

Kundi lisizidi pikipiki saba. Mkiwa wengi zaidi, gawanyikeni na mwachane dakika kumi. Mbele awe kiongozi anayeijua njia, na nyuma kabisa mwendeshaji mzoefu mwenye simu, vifaa vya kuziba gurudumu na sanduku la huduma ya kwanza. Aliye mgeni wa pikipiki akae wa pili, nyuma ya kiongozi, ili mwendo wake uwe mwendo wa wote. Akiwekwa mwisho atalazimika kuwakimbiza wenzake, na hapo ndipo ajali huzaliwa.

Penye njia iliyonyooka, pangeni mistari miwili ya kupishana; penye kona, ingieni katika mstari mmoja. Kila mmoja amwangalie aliye nyuma yake katika kioo, na kwenye njia panda asubiri hadi amwone. Kwa utaratibu huo hapotei mtu, wala hapana haja ya kukimbizana.

Kona, mteremko na wenye barabara

Punguzeni mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kulia, kona ya kushoto ina hatari iliyojificha: gurudumu laweza kuwa ndani ya mstari wako, huku kichwa chako, kwa kuwa umelala na pikipiki, kimevuka katikati ya barabara na kuelekea lori linalokuja. Kaeni mbali na mstari wa kati.

Wanaochagua Barabara ya Taifa namba 1 wajue kwamba ziwa liko karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari, nayo Bugarama, kama kilomita 35 tu kutoka jijini, iko zaidi ya mita 2,000. Huko kuna ukungu na baridi. Wakati wa kushuka tumieni gia ndogo, kwa maana breki inayoshikwa mfululizo hupata moto na kuishiwa nguvu. Humo pia wamo vijana wa baiskeli, wanaopanda wakiwa wameshikilia malori na kushuka na mikungu ya ndizi. Wao wako kazini, sisi tuko matembezini. Wapeni nafasi, na msiwashtue kwa honi.

Mpakani na vijijini

Injini saba zikiingia ghafla katika kijiji cha mpakani huwatia watu hofu, na hofu hiyo ina sababu zake. Siku moja kabla, mpeni taarifa mkuu wa kolini mtakapopumzika, na muache katika kituo cha polisi kilicho karibu majina, njia na saa ya kurudi. Karatasi hiyo moja huwafanya ninyi kuwa wageni, na msipoonekana jioni, tutajua pa kuanzia kuwatafuta. Msipige picha za bandari, madaraja wala vituo vya ulinzi bila ruhusa.

Wanaotaka kuvuka waulize kwanza, kwa kuwa mipaka hufungwa na kufunguliwa; mwezi Januari 2024, kwa mfano, ilifungwa mipaka ya nchi kavu na Rwanda. Anayevukia Mugina kwenda Manyovu, Tanzania, akumbuke mambo matatu: huko huendeshwa upande wa kushoto, saa yao iko mbele ya yetu kwa saa moja, na bima ya nyumbani haitoshi bila kadi ya njano ya COMESA.

Maswali ya kujadili katika kundi

1. Saa yetu ya kugeuza ni ipi, na nani ameitangaza?
2. Ni nani kati yetu mwenye uzoefu mdogo, na tumemweka wapi?
3. Ni nani nje ya kundi anayejua njia yetu?

Kundi lenye majibu ya maswali haya matatu limejiandaa. Lisilo nayo na liahirishe safari hadi liyapate.