Kuwatunza Wazee Wakaao Nyumbani

Someni: Matendo ya Mitume 6:1-6, 1 Timotheo 5:3-16

Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Angalieni ya kuwa Maandiko hayasemi kwamba chakula kilipunguka. Waliopunguka ni watu wa kuiangalia kazi. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, bali waliagiza wachaguliwe watu saba wenye kushuhudiwa wema. Nao wote saba wana majina ya Kiyunani, hata yadhaniwa walitoka upande ule ule wa waliosahauliwa.

Paulo naye aagiza kwamba watoto na wajukuu watangulie kuwatunza wazee wao. Wengi wetu hukoma hapo, tukisema, "Ana watoto wake." Lakini watoto hao wako wapi? Wengine wako mijini, wengine wamekwisha kufa, na bibi ndiye aleaye wajukuu. Paulo alimjua pia mjane aliye peke yake kabisa, tena ataja orodha ya wajane wasiopungua miaka 60.

Mwaka 1523 washarika wa Leisnig, katika nchi ya Saxony, waliweka sanduku la pamoja, na Luther akaandika dibaji ya sheria yake. Lilikuwa na kufuli nne, na wasimamizi kumi waliochaguliwa, watatu wao wakiwa wakulima wa vijijini. Walipaswa kukutana kila Jumapili na kuwagawia wasioweza kazi kwa uzee au ugonjwa, ikiwa jamaa zao hawakuwasaidia. (Baraza la mji lilikataa kuyatoa mali ya sanduku, hata Luther akalalamika; shida ya fedha za kanisa si ya leo tu.)

Nasi je? Twampelekea mzee Chakula cha Bwana nyumbani, twaliona paa livujalo, twaomba, twaondoka. Yafaa kila mtaa uwe na daftari: nani humtekea maji, nani humletea kuni, nani humfikisha zahanati, nani husikia akiita usiku. Kila nyumba ipewe watu wawili, na kwa mama mzee wawe wanawake, maana hatamweleza mwanamume, hata akiwa mchungaji, haja zote za mwili wake. Vijana wa kipaimara wateke maji na kupasua kuni. Tena mzee asiulizwe mahitaji yake mbele ya watu, wala jina lake lisisomwe kanisani.

Walimu, daftari hilo lifunguliwe katika kila mkutano wa wazee wa kanisa kabla ya hesabu ya sadaka.