Moyo Hauchoki kwa Siku Moja

Moyo wa mwanadamu ni mkubwa kadiri ya ngumi yake mwenyewe, na kazi yake ni kusukuma damu. Kwa mtu mzima aliyetulia hupiga kama mara 70 kwa dakika, na katika dakika hiyo husukuma kama lita 5. Mwenye kupenda hesabu na azidishe: kwa siku moja ni mapigo zaidi ya 100,000 na lita 7,200, yaani mapipa 36 ya lita 200. Kazi hii haina sikukuu wala likizo.

Yako maradhi yaitwayo moyo kushindwa. Jina hili huwadanganya wengi, wakadhani kuwa moyo umesimama. Sivyo. Moyo bado wapiga, lakini hauwezi tena kusukuma damu kadiri mwili unavyohitaji. Damu hujazana nyuma yake kama maji nyuma ya mfereji ulioziba, na maji huvuja mapafuni na miguuni. Ndipo mgonjwa huhema akipanda kilima kidogo, hawezi kulala ila kwa kuegemea mito, na jioni viatu humbana kwa kuvimba miguu.

Yafaa tukumbuke neno moja katika somo hili: hali hiyo ni mwisho wa safari. Mwanzo wake huwa ni miaka mingi nyuma, na mara nyingi mwanzo huo hauumi. Basi na tutazame njia zinazofikisha huko.

Njia ya kwanza ni shinikizo la damu lililozidi, ambalo watu huliita presha. Moyo unaosukuma damu katika mishipa iliyobana hufanya kazi maradufu. Kwanza misuli yake hunenepa, kama mkono wa mpiga makasia. Baadaye hukakamaa, au hutanuka na kulegea, nguvu zikapungua.

Tuchukue mfano wa Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani. Mwezi wa Machi 1944, akiwa na umri wa miaka 62, alipimwa na Daktari Howard Bruenn. Presha yake ilikuwa 186 juu ya 108, na moyo wake ulikuwa umetanuka na kuanza kushindwa. Siku hizi mtu mzima akipimwa mara kadhaa na kuonekana na 140 juu ya 90 au zaidi, huhesabiwa kuwa ana presha. Lakini zamani zile madaktari wengi waliona kuwa presha kupanda kwa mtu wa makamo si ajabu, tena dawa zifaazo za kuishusha hazikuwapo. Tarehe 12 Aprili 1945 mshipa ulipasuka ubongoni mwake, akafa.

Mwaka 1948 Wamarekani walianza kuwapima watu 5,209 wa mji wa Framingham na kuwafuatilia miaka mingi. Habari zilizotolewa mwaka 1971 zilionyesha kuwa kama robo tatu ya wale waliopatwa na moyo kushindwa walikuwa na presha kabla yake.

Mtu asiseme kuwa hayo ni mambo ya Marekani tu. Mwaka 2012 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa maradhi haya katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Sababu kubwa kuliko zote ilikuwa presha, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu. Huo ni umri wa mzazi ambaye bado analipa karo.

Njia ya pili yawahusu ninyi wenyewe, wanafunzi, nayo huanzia kooni. Maumivu mengi ya koo hupona yenyewe. Lakini mengine huletwa na vijidudu viitwavyo streptokoki, na yasipotibiwa huweza kuzaa homa ya baridi yabisi baada ya wiki mbili au tatu, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Viungo huvimba na kuuma, kisha hupoa. Lakini vilango vya moyo, yaani vali, huenda vikabaki na makovu, na miaka ikipita moyo hulemewa. Penisilini itumiwayo kwa wakati huzuia haya, na aliyekwisha kupatwa na homa hiyo hupewa sindano kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi ili isimrudie.

Njia nyingine ni hizi: kisukari, tumbaku na unene uliopita kiasi, ambavyo huharibu mishipa inayoulisha moyo wenyewe, na pombe nyingi, ambayo huidhoofisha misuli yake. Wako pia wanawake ambao moyo wao hulegea mwishoni mwa mimba au katika miezi mitano baada ya kuzaa. Mama wa namna hiyo akihema alalapo, asiambiwe kuwa ni uchovu wa uzazi, apelekwe hospitali.

Basi tufanye nini? Likizo ikija, mwulize baba na mama walipima presha lini. Aliyepewa vidonge asiviache kwa sababu anajiona mzima. Anajiona mzima kwa kuwa vidonge vinafanya kazi. Chumvi ipunguzwe mezani. Na wewe, koo likikuuma pamoja na homa, usingoje mtihani upite: nenda zahanati, na dawa uliyopewa uimalize yote.

MASWALI
1. Kwa nini miguu ya mgonjwa huvimba, ingawa maradhi yako moyoni?
2. Eleza jinsi maumivu ya koo yawezavyo kuharibu vali za moyo.
3. Jirani yako ameacha dawa za presha kwa kuwa haumwi popote. Utamwambia nini?