Kabla Hujamlipia Tuisheni, Msikilize Akisoma

Wadogo zangu, leo tuzungumze habari za watoto wetu wa shule ya msingi, maana kuna swali linalonifikia kila mara: "Dada, mwanangu yuko darasa la tatu, kila ripoti ikija yuko mkiani. Nimtafutie tuisheni, au nimhamishe shule?"

Ngoja kwanza. Kabla hujatoa hela, mwite mtoto, mpe kitabu chake cha Kiswahili, akusomee kwa sauti. Wengi wetu tunajua mtoto kashika nafasi ya ngapi darasani, lakini hatujui kama anaweza kusoma sentensi tatu mfululizo bila kubahatisha. Nafasi inakwambia tu kwamba wenzake wamempita. Alipokwama ni lazima upatafute mwenyewe.

Na njia ya kupatafuta si ngumu. Uwezo, upimaji ulioanza kupita nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda mnamo 2009 na 2010, ulimpima mtoto kwa ngazi: silabi, maneno, aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Matokeo yalishtua watu. Hadithi hiyo iliwashinda watoto wengi wa darasa la tatu, na wote hao walikuwa wameandikishwa shule na walivaa sare kama wenzao.

Ngazi hizo zitumie hapo hapo nyumbani kwako. Andika silabi kwenye karatasi: ba, me, ki, nyo, ng'o, mbwe. Akizitamka sawasawa, mpe maneno: kuku, nyumba, ng'ombe, shangazi. Akipita, mpe aya moja, halafu ukurasa mzima, kisha umuulize: huyu anayesemwa hapa amefanya nini, na kwa nini? Pale atakapokwama ndipo pa kuanzia, hata kama ni kwenye silabi na yuko darasa la nne.

Uwe macho, lakini, maana wapo watoto hodari wa kukariri. Anafungua kitabu, anakitiririsha mwanzo mpaka mwisho huku macho yako darini. Huyo mwonyeshe neno moja katikati ya mstari, au mpe maandishi ambayo hajafundishwa: pakiti ya unga, mfuko wa chumvi, jina la kituo kwenye daladala. Anayejua kusoma husoma popote.

Kwa nini naanza na kusoma? Kwa sababu hapa kwetu Tanzania darasa la kwanza na la pili ni ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuanzia la tatu masomo yanaongezeka, na mwalimu anafundisha akijua kwamba kujifunza kusoma kumekwisha. Mwaka unaofuata kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Mtoto anaulizwa mama alinunua maembe 24, akagawa 9, yamebaki mangapi. Kutoa anajua, ila swali lenyewe hawezi kulisoma. Nyumbani tunasema hisabati haimwingii, kumbe hajalijua swali linataka nini.

Mtaniambia hiyo ni kazi ya mwalimu. Ni kweli, ni kazi yake. Lakini tupige hesabu. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Katika shule nyingi za serikali, hasa mijini, si ajabu darasa moja kuwa na watoto 90, na zipo zinazovuka mia. Hata mwalimu angeacha kufundisha, akawa anamsikiliza mmoja mmoja, kila mtoto angepata sekunde 20. Wewe nyumbani unao wawili au watatu. Dakika 15 zako za jioni moja ni nyingi kuliko muda ambao mtoto huyo angekaa na mwalimu ana kwa ana wiki nzima.

Tangu Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza katika shule za serikali, wapo walioelewa kwamba serikali imebeba kila kitu. Na anayelipa mamilioni kwenye shule ya binafsi naye anajiona amemaliza, mengine ni ya shule. Wadogo zangu, ada hailei mtoto.

"Lakini Dada, mimi niliishia la saba, na vitabu vya mwanangu ni vya Kiingereza. Nitamsaidia nini?" Utamsaidia mengi, mdogo wangu. Muulize: leo mmefundishwa nini? Nieleze kwa Kiswahili na mimi nielewe. Mtoto anayeweza kumweleza mama yake jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, huyo ameelewa. Anayebabaika amekariri, na sasa umeshajua. Hata mzazi asiyejua kusoma kabisa anaweza kuketi, akasikiliza, akatambua kama mtoto anasitasita au anatiririka.

Kisha fungua madaftari. Tazama tarehe kwanza. Zikiruka, ulizia: siku hizo hakuandika, au hakufika shuleni? Tazama kama kazi imesahihishwa, halafu tazama makosa yenyewe, usiishie kuhesabu vema. Ukiona 52 toa 27 ameandika 35, na chini yake 61 toa 38 ameandika 37, usimwite mjinga. Kila mara anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kwa sababu hajaelewa kukopa. Chukueni vijiti, mfunge mafungu ya kumi kumi, afungue fungu moja kila anapohitaji kukopa. Mkifanya hivyo jioni chache, ataona mwenyewe kilichokuwa kinamponza. Ila usimwandikie jibu, maana mwalimu akiliona ataamini mtoto ameelewa, atasonga mbele na kumwacha pale pale.

Mwalimu wa darasa nenda kamwone kabla hujaitwa kwa kesi. Muulize mwanangu anakaa wapi darasani, anaona ubaoni, anasikia vizuri, anasoma kufikia wapi, na nyumbani nimshike wapi. Kuuliza si ujinga, na mwalimu akishakufahamu humwangalia mtoto wako kwa jicho jingine. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, nenda mwenyewe, usimtume dada wa kazi. Kama una neno na mwalimu, liseme ofisini kwake, usimseme mbele ya mtoto, maana kesho mtoto huyo huyo anatakiwa amheshimu na amsikilize. Na ninyi akina baba, mikutano hiyo ni yenu pia. Mtoto akimwona baba yake amekaa na daftari lake, anajua shule ni jambo zito.

Nyumbani nako kuna la kutengeneza. Binti akitoka shule anachota maji, anaosha vyombo, anambeba mdogo wake, huku kaka yake yuko uwanjani na mpira. Saa tatu usiku, macho yamejaa usingizi, ndipo anaambiwa afanye homuweki. Kazi za nyumbani ni malezi, sizikatai, lakini zigawanywe kwa wote, na muda wa daftari uje kabla ya giza na kabla ya runinga. Mtoto alale mapema, na asubuhi asiondoke na tumbo tupu.

Jambo jingine nawasihi sana: akikosea msimchape, wala msimlinganishe na mtoto wa jirani. Mtoto anayeogopa kipigo huficha daftari, na daftari likishafichwa hutajua tena amekwama wapi. Akisoma mstari mmoja vizuri leo ambao jana ulimshinda, msifie kwa mstari huo.

Sasa turudi kwenye tuisheni. Ukishafanya haya na bado unaona mzigo umekuzidi, mtafutie, si vibaya. Lakini mwambie mwalimu wa tuisheni moja kwa moja: mwanangu silabi zenye "ng'" na "mbw" zinamshinda, au kukopa hakujui. Ukimpeleka bila kujua shida yake, atakaa tena nyuma ya watoto wengine, na hela yako itakwenda.

Leo jioni, baba au mama, weka simu pembeni dakika 15, mwite mtoto, akusomee. Fanyeni hivyo kila siku kwa mwezi mmoja, kisha nenda ukazungumze na mwalimu wake. Mwenye mtoto wa darasa la kwanza asiseme bado mdogo, na mwenye wa darasa la sita asiseme nimechelewa. Anzeni leo.