Ukarabati wa Drams Kongwe: Somo kwa Kwaya, Shule na Bendi za Moshi na Vijiji vya Mlimani

Seti ya ngoma za bendi, ambayo wengi wetu huiita drams, ni miongoni mwa mali za gharama kubwa zinazomilikiwa na kwaya, shule au kikundi cha muziki. Mara nyingi hununuliwa kwa michango ya watu wengi, nayo hutumika kwa miaka mingi katika ibada, harusi na sherehe. Ikichakaa, wenye mali huchanga tena ili ikarabatiwe. Hapo ndipo mlaji anapohitaji maarifa, kwa maana fedha ni ya watu wengi na kazi yenyewe ina hatua ambazo zikishafanyika hazirudishwi nyuma.

Kauli kuu ya somo hili ni moja. Thamani ya drams kongwe imo katika mbao zake, kingo zake na vyuma vyake vya asili. Mng'ao wa nje ni jambo la baadaye. Mlaji anayelipia mng'ao peke yake huweza kurudishiwa ngoma inayopendeza machoni na isiyolia vizuri. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, ni lazima kuamua kitu gani kitengenezwe na kitu gani kisiguswe.

1. Ijue ngoma yako kwanza

Kila ngoma katika seti ina sehemu kuu nne. Ya kwanza ni mzinga, yaani duara la mbao, ambalo kwa kawaida limeundwa kwa tabaka nyembamba zilizogandishwa pamoja. Ya pili ni ngozi, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 imekuwa ya plastiki badala ya ngozi ya ndama. Ya tatu ni pete pamoja na skrubu zinazoikaza ngozi. Ya nne, ambayo husahauliwa, ni ukingo wa mzinga: ule mdomo mwembamba wa mbao ambao ngozi huukalia. Ukingo ukiwa na mabonde au ukiwa umechanika, ngoma haitapata sauti iliyotulia hata ikivalishwa ngozi mpya ya bei kubwa.

Mlaji anaweza kuupima ukingo huo yeye mwenyewe nyumbani bila gharama. Vua pete na ngozi, kisha uuweke mzinga juu ya kioo kinene cha meza. Wakati wa usiku weka tochi ndani ya mzinga na uzime taa za chumba. Mwanga ukipenya chini ya ukingo, mahali hapo hapako sawa. Baada ya hapo pima kipenyo cha mzinga kwa futi kamba katika pande nne tofauti. Vipimo vikipishana kwa milimita kadhaa, mzinga umepinda na hauko tena katika duara kamili. Andika matokeo hayo, kwa kuwa ndiyo yatakayokuwezesha kuzungumza na fundi kwa hoja.

Kipimo cha kipenyo kina faida nyingine. Si kila ngoma iliyoandikwa inchi 14 hupokea ngozi ya kisasa ya inchi 14. Kampuni ya Premier ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1922, kwa miaka mingi ilitengeneza ngoma zenye kipenyo kinachozidi kidogo kile kilichokuja kukubalika kimataifa, na ilihamia vipimo vya kimataifa kuelekea mwisho wa miaka ya 1960. Anayenunua ngoma za kampuni hiyo za zamani bila kuzipima huenda akagundua baadaye kwamba ngozi za dukani haziingii. Zipo ngozi zinazotengenezwa kwa vipimo hivyo vya kale, lakini sharti ziagizwe. Suluhisho lisilofaa ni kumruhusu fundi aukwangue mzinga upungue ili ngozi ya kawaida iingie. Kufanya hivyo ni kuharibu ngoma.

2. Kazi tatu, bei tatu

Neno ukarabati hubeba kazi tatu zilizo tofauti. Mlaji asikubali kutajiwa bei moja ya jumla kabla hazijatenganishwa.

Kazi ya kwanza ni usafi. Hii ni kufungua skrubu zote, kuondoa vumbi na kutu, kulainisha nyuzi za skrubu kwa mafuta mepesi, na kufunga upya. Kutu nyepesi juu ya kromu huondolewa kwa kipande cha karatasi ya alumini kilicholowanishwa kwa maji, kwa kuwa alumini ni laini kuliko kromu na haiikwaruzi. Msasa na brashi ya waya havifai hapa. Drams nyingi zinazodhaniwa kuwa zimekufa huhitaji usafi huu na ngozi mpya tu.

Kazi ya pili ni matengenezo: kugandisha tabaka za mbao zilizoachana, kusawazisha ukingo, kuziba nyufa, na kubadilisha skrubu au springi zilizokatika. Kazi hii humhitaji seremala mwenye mkono mtulivu.

Kazi ya tatu ni sura mpya: kubandua ganda la plastiki au rangi ya zamani, kupiga msasa na kupaka vanishi au rangi. Huchukua siku nyingi na gharama kubwa, lakini mara nyingi mchango wake katika sauti ni mdogo kuliko wa zile mbili za kwanza. Kikundi chenye fedha kidogo kianze na usafi, kifuate matengenezo, na sura mpya isubiri.

3. Hatua zisizorudi nyuma

Kuna mambo manne ambayo fundi asiyafanye bila ruhusa ya maandishi ya mwenye mali.

La kwanza ni kukata au kuranda ukingo. Mbao iliyoondolewa hairudi, na umbo la ukingo ndilo linaloamua jinsi ngozi inavyokaa.

La pili ni kubandua ganda la nje la asili. Ganda likiwa limeshika vizuri na limefifia tu, lisafishwe na liachwe. Mnunuzi anayezijua ngoma kongwe huthamini ganda la asili lenye alama za umri kuliko vanishi mpya.

La tatu ni kuondoa au kubadilisha nembo ya kampuni. Nembo ndiyo utambulisho wa ngoma. Kubandika nembo ya kampuni mashuhuri juu ya ngoma isiyo yake ni udanganyifu, na anayeiuza kwa jina hilo anavunja sheria. Vivyo hivyo, pete zilizopakwa rangi ya fedha zisiuzwe kama pete zilizowekwa kromu. Rangi hukwanguka kwa ukucha au kwa ncha ya kisu upande wa ndani wa pete. Kromu haikwanguki hivyo.

La nne ni kuchomelea matoazi yaliyopasuka. Toazi hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, na ugumu wake hutokana na jinsi lilivyopashwa moto na kufuliwa. Joto la kuchomelea huuharibu ugumu huo, na ufa hurejea karibu na palipochomelewa. Usikubali pia matoazi yasuguliwe kwa dawa kali ya kung'arisha vyuma, maana huondoa maandishi na huweza kubadilisha sauti.

Katika vihamba vya Kilimanjaro hustawi mti wa mringaringa, ambao mbao zake zimetumika tangu zamani kwa kuchonga ngoma na mizinga ya nyuki. Fundi akipendekeza kuchonga mzinga mpya kwa mbao hizo badala ya ule uliooza, huenda likawa pendekezo jema, mradi mbao ziwe zimekauka sawasawa. Hata hivyo, ngoma hiyo itakuwa mpya. Ikiuzwa baadaye, mnunuzi aambiwe hivyo.

4. Vanishi na hali ya hewa ya mlimani

Mji wa Moshi uko kati ya meta 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali vijiji vya juu vya Marangu, Machame na Kibosho hupita meta 1,200 na hupata mvua nyingi zaidi. Tofauti hiyo ina maana kwa mwenye drams. Mbao hufyonza unyevu wa hewa zikavimba, kisha hunywea hewa inapokauka. Vanishi inayopakwa wakati wa unyevu mwingi hukauka polepole na huweza kupata ukungu mweupe.

Kwa sababu hiyo, kazi ya vanishi isipangwe katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, wala katika siku za mvua za vuli kuelekea mwisho wa mwaka. Januari na Februari ni nafuu, na vivyo hivyo kipindi cha Agosti na Septemba. Juni na Julai mvua hupungua, lakini mlimani kuna baridi na mawingu, hivyo ni bora kazi ifanyike mjini. Mzinga usianikwe juani wala kuwekwa karibu na jiko ili ukauke haraka, kwa kuwa tabaka zake zitaachana. Vanishi ikikauka kwa kuguswa, bado haijakomaa. Vyuma vikifungwa mapema huacha alama za kudumu. Fundi anayeahidi kumaliza kila kitu kwa siku tatu aulizwe vanishi itakomaa lini.

5. Usalama wa afya

Baadhi ya maganda ya drams za zamani ni ya seluloidi, ambayo hushika moto upesi. Yasibanduliwe kwa moto wa wazi. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Msasa upigwe kwa maji, nje ya nyumba, fundi akiwa amefunika pua na mdomo, na mabaki yasitupwe shambani. Thina na vanishi vitumike mahali penye hewa, mbali na moto.

6. Makubaliano na fundi

Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mapatano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Ugumu wake ni katika kuyathibitisha. Kwa mali ya kikundi, andikeni ukurasa mmoja utakaosainiwa na pande zote mbili, wenye mambo haya:

a) Orodha ya kila ngoma, nembo, vipimo na kasoro zake, pamoja na picha zilizopigwa kabla ya kazi.
b) Kazi zitakazofanyika, zikitenganishwa katika usafi, matengenezo na sura mpya, na bei ya kila moja.
c) Mambo ambayo hayaruhusiwi kufanywa.
d) Nani ananunua vifaa, na vya aina gani.
e) Tarehe ya kukabidhi, na muda ambao fundi atarekebisha kasoro bila malipo.
f) Sharti kwamba vipuri vyote vilivyobadilishwa virudishwe kwa mwenye mali.

Malipo yaende kwa hatua. Tuseme kazi nzima ni shilingi 600,000. Shilingi 200,000 zitolewe kwa ajili ya vifaa. 200,000 baada ya kamati kukagua mbao na kingo kabla vanishi haijapakwa, kwa sababu vanishi huficha mengi. Na 200,000 za mwisho baada ya drams kufungwa, kukazwa na kupigwa mbele ya mpigaji wa kikundi. Daini risiti ya EFD kwa kila malipo. Fundi ambaye hana mashine hiyo atie saini katika hati yenye tarehe na kiasi alichopokea.

7. Kazi isiporidhisha

Siku ya kupokea, rudieni kipimo cha kioo na tochi, zungusheni kila skrubu kwa mkono, na mlinganishe kila kipande na picha za awali. Kasoro ikionekana, mpeni fundi taarifa kwa maandishi na muda wa kuirekebisha. Mafundi walio wengi hulinda jina lao na watasikiliza.

Pasipokuwa na maelewano, mlaji anaweza kufungua shauri mahakamani akiwa na makubaliano, risiti na picha zake. Aidha, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma, kama vile kuuza ngoma yenye nembo ya bandia. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyounda Baraza la Taifa la Utetezi wa Mlaji ili kutetea maslahi ya walaji.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kati ya usafi, matengenezo na sura mpya, drams zetu zinahitaji nini kwa sasa? Tumelijuaje hilo?
2. Ni sehemu zipi za drams zetu ambazo hatutaki ziguswe, na je, tumeziandika?
3. Nani katika kikundi atakagua kazi kabla ya vanishi kupakwa?
4. Fedha tulizonazo zikitosha kwa ngozi mpya au kwa vanishi mpya tu, tutachagua kipi, na kwa nini?